Mstari wa Rangi ya Chai

Hamravoe, 3 Agosti 1958

Shangazi Girzie mpenzi,

Mina ametembea. Sasa hivi, wino wa tarehe hapo juu haujakauka. Nilikuwa nimekaa karibu na jiko nakunja uzi, donge likanitoka magotini likabingiria mpaka mlangoni, naye akaliona. Akashika uzi kwa mikono miwili kama mtu anayeshuka jabali kwa kamba, akasimama, akaenda hatua tatu peke yake. Ya nne akakaa. Halafu akautia uzi mdomoni auonje.

Nimecheka mpaka nimelia, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Ertie, baba mtu, yuko bondeni anageuza mboji ya kuwashia moto ikauke. Basi nikasema nikwambie wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye mwenye ahadi. Unaikumbuka? Nilipokuwa na mimba nilikuomba unifundishe kufuma pindo la shali la nyumba yetu, ukasema, mwaka mtoto wako atakapotembea. Pasaka nilipokuja kwako nikakuomba tena, ukasema bado anatambaa. Sasa hatambai.

Sitanii, shangazi. Shuleni sikufika mbali, unajua, lakini mikono yangu si mibaya. Soksi nafuma, sweta nafuma, hata shali la kawaida nimemfumia Mina. Lile pindo tu, la mawimbi na nyayo za ndege, sijawahi kuliona likianzishwa. Bibi alikufundisha wewe peke yako na halijaandikwa popote. Siku ukiondoka nalo, limeondoka. Nisamehe kusema hivyo. Ni mambo yanayonijia nikiwa namnyonyesha mtoto.

Jingine ni hili: mwaka huu Maonyesho ya Kondoo na Sufu yatafanyika hapa hapa kwetu, tarehe 27. Njoo na mashua. Ertie atakupokea gatini. Utaleta shali lako, utamwona Mina, na maonyesho yakiisha tutakaa mimi na wewe na sindano zetu.

Na kile kigoda usikiweke moyoni. Tangu Pasaka nakiwaza. Nilikisogeza kidogo tu nipate kufagia, ukanigombeza kama niliyevunja sahani, tena siku hiyo hiyo nilikuwa nimekufulia uzi wako wote na kuutundika. Hukuwa hivyo zamani. Najiuliza tu.

Nakubusu. Mina naye anakubusu, mdomo umejaa sufu.

Osla wako


Fetlar, 11 Agosti 1958

Osla,

Mwandiko huu ni wa Lowrie, jirani. Nimeteguka kifundo cha mkono wa kulia, kwa hiyo mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike ninayosema na asizidishe. (Naandika anayosema na sizidishi. L.)

Nimefurahi kuhusu mtoto. Lakini hatua tatu si kutembea, ni kuanguka polepole. Akivuka chumba kizima nijulishe.

Kwenye maonyesho siji. Kondoo hawana wa kuwaangalia. Paa linataka kufungwa kamba upya kabla ya upepo. Na bahari siku hizi inanichafua tumbo. (Hizo ni sababu tatu. Nilimwuliza niandike ipi, akasema zote. L.)

Nimemwuliza Lowrie anaandika nini muda wote huo, anasema alikuwa anachovya kalamu.

Shali litakuja. Nimelimaliza, nimelifua, nimeliwamba kwenye fremu mwenyewe. Limo ndani ya foronya na foronya nimeishona mdomo. Usiifumue. Wewe ukikunja shali unalikunja kama blanketi la farasi. Lipeleke mezani hivyo hivyo, waamuzi watafumua wenyewe.

Pindo litasubiri. Limesubiri tangu bibi yako.

Kuhusu kigoda: kitu changu kikikaa mahali fulani, kuna sababu kimekaa hapo. Mpe mtoto uji mzito.

Girzie Mouat
kwa mkono wa Lowrie Halcrow


Hamravoe, 18 Agosti 1958

Shangazi mpenzi,

Foronya imefika salama. Nimeiweka juu ya kabati, na Mina kila akipita anainyooshea kidole kama anayemshtaki mtu. Jana amevuka chumba, kutoka kwenye kiti cha Ertie mpaka kwenye ndoo ya maji, akatumbukiza mikono yote miwili. Hiyo nayo utaiita kuanguka?

Mkono wako umenikaa moyoni. Nimejaribu kupanga mambo kichwani hayapangiki. Shali la lesi linawambwa kwa pini zaidi ya mia, kila ncha ya pindo na pini yake. Aliyeteguka mkono hawezi hata kukamua nguo. Uliteguka baada ya kuliwamba? Ulianguka wapi? Na foronya, shangazi, ni nyeupe na umeishona kwa uzi mweusi. Mishono yenyewe imenyooka kama mstari wa daftari, lakini ni myeusi. Wewe uliyenichapa vidole nikiwa na miaka kumi kwa sababu nilishona kifungo cheupe kwa uzi wa kijivu.

Sisemi unadanganya. Nauliza tu, unajua nilivyo.

Habari yetu: Ertie amepata nafasi kwenye meli za kuvua nyangumi, anakwenda kusini mwisho wa Septemba mpaka Mei. Anachekacheka, ila anamnyanyua Mina mara nyingi kuliko zamani. Nyumba itakuwa kubwa kwetu sisi wawili.

Osla


Fetlar, 23 Agosti 1958

Osla,

Niliteguka baada ya kuliwamba. Uzi mweusi ndio uliokuwa karibu. Umeridhika?

Unauliza kama yule bwana wa ustawi wa jamii. Alikuja hapa mwezi wa sita, kijana mwenye viatu vya mjini, akawa anapita nyumba kwa nyumba kuwauliza wazee wanaoishi peke yao kama bado wanajiweza. Ruby wa nyumba ya juu alimjibu kwa upole, akamweleza mpaka goti linalomuuma. Sasa Ruby yuko nyumba ya wazee mjini, chumba kimoja na wanawake watatu wasiojua kusokota, na kondoo wake wamegawanywa. Mimi nilimpa chai, nikafuma mbele yake safu kumi bila kuangalia mikono. Akasema, mama wewe una nguvu kuliko mimi, akaenda zake.

Sitoki hapa. Mtu yeyote akiuliza, mwambie hivyo.

Niandikie maonyesho yote. Usiniandikie watu walivyovaa. Nataka kondoo. Nataka rangi, moja moja.

Girzie Mouat
(Leo sikuongeza kitu. L.)


Hamravoe, 28 Agosti 1958

Shangazi mpenzi,

Umetaka rangi, basi keti.

Kondoo walianza kushushwa saa moja asubuhi, ukungu ukiwa bado kwenye vilima, kwa hiyo mwanzoni tuliwasikia kabla ya kuwaona. Weupe ndio wengi. Weusi wa masizi walikuwa kumi na mmoja. Kijivu cha moshi, kahawia ya ngozi ya viatu, kahawia iliyopigwa na jua mgongoni ikawa kama nyasi kavu. Na jike mmoja wa huko kisiwa cha Yell ambaye rangi yake sikuipatia jina mpaka nilipofika nyumbani nikamimina maziwa kwenye maji ya bluu ya kufulia. Ndiyo hiyo.

Mwamuzi wa kondoo ana nyusi kama sufu ya shingoni. Anapasua manyoya kwa vidole gumba viwili, anapuliza, anachungulia ngozini, ungedhani anasoma barua ya mtu mwingine. Nilimfuata zizi kwa zizi, Mina mgongoni, mpaka akageuka akaniuliza kama mimi ni mke wake. Nikamwuliza kwa nini anapuliza badala ya kufunua tu. Akasema pumzi haiongopi, sufu nzuri hujifunga tena yenyewe, mbaya hubaki wazi kama mlango wa mlevi. Ulijua hilo? Bila shaka ulijua.

Dume moja lilikata kamba likaingia hema la chakula mpaka kwenye sufuria ya supu ya kondoo. Ertie akasema linatafuta jamaa yake. Wanawake wa supu wakawafukuza na mwiko, dume na Ertie wote wawili.

Uzi nimeugusa wote. Kulikuwa na kamba tatu zimejaa, nikaanza mwanzo nikaishia mwisho, na wenye uzi wamekaa nyuma wakinitazama kama mwizi asiyeiba. Kuna unaokwaruza kidogo halafu unasamehe. Kuna mlaini mno, unajua hautadumu. Ertie alisema sasa nionje kabisa kama mwanangu. Nilitamani.

Na nimeshindana. Usicheke. Kila mwanamke anapewa konzi moja ya sufu ya shingoni, anasokota, na uzi unanyooshwa kando ya ukuta wa mawe waone wa nani utafika mbali. Wangu ulivuka nguzo ya sita. Hapo Mina akapiga chafya, nikashtuka, ukakatika. Wa tano kati ya ishirini. Mwakani nitamwacha mtoto kwa baba yake.

Foronya yako ilifumuliwa saa nne. Walijaribu wepesi wa shali, likapita ndani ya pete ya ndoa bila kusita. Vitanzi vyake vimesifiwa na kila mtu. Mengine nitakusimulia tukionana.

Mina amelala na harufu ya kondoo, nami sikumwosha.

Osla wako

Mzee Lowrie, karatasi ya bluu iliyomo humu ni yako. Tafadhali usiisome kwa sauti.


(Karatasi ya bluu)

Mzee Lowrie,

Naandika haraka, unisamehe.

Walipofumua foronya walikuwa waamuzi watatu, na mkubwa wao ni Mama Baabie Isbister, ambaye ameshindana na shangazi yangu tangu wote wawili wasichana. Walilitandaza shali mezani. Katikati ya shali jeupe kuna mstari wa rangi ya chai ya maziwa, upana wa viganja viwili, kutoka ukingo mpaka ukingo, kama njia ya vumbi iliyopita kwenye theluji. Unaanza ghafla, unakwisha ghafla. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Girzie naye siku hizi anafuata mitindo ya mjini." Wakacheka. Mwamuzi wa pili akasema shali haliwezi kuingia kwenye shindano la mashali meupe kwa sababu si jeupe, na ni kweli.

Mama Baabie hakucheka. Alifumba macho. Alilipitisha pindo lote mikononi, pande zote nne, polepole mpaka watu wakaanza kuondoka. Kisha akanivuta kando, karibu na nguzo ya hema, akaniambia, "Binti, hakuna kitanzi kimoja kilichokosewa. Hata kimoja. Nami sijawahi kusema hivyo juu ya kazi ya shangazi yako, maana miaka yote nilikuwa natafuta." Halafu akanishika mkono. "Girzie bado anaona?"

Nikasema nadhani anaona. Akanitazama, akasema basi na yeye atadhani hivyo hivyo, na mtu akimwuliza hajui kitu. Shali akalikunja mwenyewe, amelihifadhi kwake.

Mzee Lowrie, kigoda. Uzi mweusi. Mkono ulioteguka ukiwa unapiga pini mia. Na kwamba alitaka rangi moja moja. Mimi si mjinga, ila nilikuwa sitaki kujua. Niambie wewe.

Osla


Fetlar, 3 Septemba 1958

Osla,

Barua hii ni yangu mwenyewe, naye hajui kama naiandika.

Ni misimu miwili ya baridi sasa tangu macho yake yaanze kufifia. Kwanza alisema dirisha ni chafu, akalifuta. Baadaye akaacha kusema. Sasa anajua mchana na usiku, na mtu akisimama mlangoni anajua kuna mtu. Basi. Ndani ya nyumba anatembea kuliko mimi, alimradi hakuna aliyesogeza kitu. Kondoo anawajua kwa masikio, anashika alama iliyokatwa. Kusokota, kufuma, kukamua, yote anafanya. Mkono wake haujateguka hata siku moja. Ni kwamba hawezi kuandika akafuata mstari.

Aliniapisha nisimwambie mtu na nisiandike asichosema. Kwa sababu ya yaliyompata Ruby. Mimi ni mzee wa kanisa, nikiapa nimeapa.

Nilikuwepo alipoliwamba. Nilimshikia fremu. Mstari ule niliuona siku hiyo, Osla. Jua lilikuwa linaingia, usingeweza kutouona. Akaniuliza, "Limetoka vizuri?" Nikasema limetoka vizuri, na sikudanganya, lilikuwa zuri. Ningeweza kumwambia rangi. Kinywa kilikuwa wazi kabisa. Halafu nikawaza: mimi aliniapisha, lakini shali hakuliapisha. Nikalibeba mwenyewe mpaka gatini.

Kama nimekosea utaniambia. Sijalala vizuri tangu siku ile.

Tangu nimsomee barua yako ameniuliza mara nne, "Hakutaja nafasi ya ngapi?" Nimemwambia karatasi iliishia hapo. Anajua haikuishia hapo.

Lowrie Halcrow


Hamravoe, 9 Septemba 1958

Shangazi yangu mpenzi,

Mwambie Mzee Lowrie asome polepole, na asiruke kitu, hata kama utamkatiza.

Shali lako halikupata nafasi. Lilikuwa na mstari wa rangi ya chai katikati, upana wa viganja viwili. Ni uzi wa Dolla, yule jike wako wa kahawia nyepesi.

Kosa ni langu. Pasaka nilipofua uzi, nilikuta msumari wa kulia, ule wa uzi wa Dolla, uko chini ya tone la paa. Nikachukua kitita kimoja cha uzi huo nikakitundika kwenye msumari wa kushoto pamoja na weupe, kikauke. Nikajiona mwema. Sikukwambia, kwa sababu mtu yeyote angekiona pale. Kwa jicho tofauti ni dhahiri. Kwa kidole ni uzi ule ule, sufu zote za shingoni, zimesokotwa na mkono mmoja.

Basi najua, shangazi. Mzee Lowrie usimgombeze, kalamu yake ilikutii. Shali ndilo lililosema.

Sitamwambia mtu wa ustawi wala mtu mwingine. Ertie nimemwambia, naye amesema hajui kusoma uso wa mtu hata wake mwenyewe, kwa hiyo na yeye hajui kitu. Mama Baabie anajua na ameamua hajui. Nikuambie alichosema? Alifumba macho akalipitisha pindo lote mikononi, akasema hakuna kitanzi kimoja kilichokosewa. Hata kimoja. Akasema miaka yote alikuwa anatafuta.

Sasa nisikilize. Sikuiti uje kukaa kwetu. Hapa ungejigonga kila kona, na ungenichukia kufika Krismasi. Ertie anaondoka tarehe 24. Mimi na Mina tunaomba kuja kwako mpaka Mei. Siji kukutunza. Wewe hutaki kutunzwa na mimi sijui kutunza mtu anayenigombeza. Nakuja kufundishwa. Mtoto ametembea, chumba kizima, mashahidi wapo. Uliahidi.

Nasubiri. Kila mashua ya barua ikifika nitakuwa gatini.

Osla


Fetlar, 17 Septemba 1958

Osla,

Siku mbili sikumsemesha Lowrie. Siku ya tatu alileta samaki, akasimama mlangoni hakuingia, nikamwambia unaziba mwanga. Tukacheka, basi yakaisha. (Yeye alicheka. Mimi nililia kidogo. Ameniruhusu niandike hilo. L.)

Kwanza nilikasirika kwa ajili ya rangi. Rangi ya chai katika shali jeupe, mbele ya visiwa vyote. Nilitamani kuingia chini ya zizi. Halafu nikamwambia Lowrie anisomee tena alichosema Baabie. Amenisomea mara sita. Hata kimoja? Alisema hata kimoja? Baabie hajawahi kuniambia neno jema tangu nilipomshinda kwenye maonyesho ya mwaka wa thelathini na moja.

Njooni. Masharti yangu ni haya. Kigoda kikae kilipo. Usiniulize kama nimeona. Uzi utautundika ninapokwambia, na wa Dolla utaufunga mafundo mawili kwenye ncha, weupe fundo moja. Mtoto avae kengele.

Na pindo sitakufundisha kwa kuangalia. Lilivyo kwa macho nimeanza kusahau. Nalijua kwa vidole tu, na kwa vidole ndivyo utakavyolijua. Ukitaka la kuangalia, nenda kwa Baabie.

Sahihi hii nimeitia mwenyewe. Lowrie anasema imepanda mlima.

Girzie Mouat


Fetlar, 9 Novemba 1958

Ertie wangu,

Sijui barua hii itakukuta bahari gani, lakini naandika kama uko chumba cha pili.

Mwanao anatembea kama shangazi. Si mzaha. Anaanzia mlangoni, mkono ukutani, kisha meza, kisha kigoda, kisha kiti, kwa mpangilio ule ule, na akifika kwenye kiti anafumba macho. Shangazi akisikia kengele inakuja anasema, "Huyo mzee mwenzangu." Leo asubuhi wamepishana kwenye kigoda na hakuna aliyemgonga mwingine.

Bwana wa ustawi alipita wiki jana. Alituona watatu, mtoto, supu jikoni, nguo kwenye kamba. Akauliza shangazi hajambo, nikasema mwulize mwenyewe. Shangazi akamwambia, "Kijana, viatu vyako vimetota." Alisikia vinavyolia sakafuni. Yeye akaangalia viatu, akacheka, akaandika kitu, akaondoka. Sikudanganya hata neno, nami nimepumua tangu siku hiyo.

Shali limerudi. Mama Baabie alilituma na mashua, limefungwa vizuri, halina kadi ya zawadi, ila ametia ndani konzi ya sufu ya jike wake bora. Shangazi aliinusa sufu akasema Baabie anazeeka. Lakini ameiweka chini ya mto. Kisha akanitaka nimwonyeshe mstari. Nikashika kidole chake nikakiweka pale rangi inapoanza. Akapita, akapita, akauliza, "Bado?" Nikasema bado. "Bado?" Nikasema sasa ni jeupe. Akasema ni pana kuliko alivyofikiri. Sasa Mina analala chini yake. Mwakani tutapeleka lingine kwenye shindano la rangi, na mstari utawekwa kwa makusudi, na wote waliocheka watasema waliona mapema.

Sasa pindo. Wiki ya kwanza nilikuwa nachungulia. Kila nikichungulia alijua, sijui vipi, akasema mikono inasimama macho yakifika. Ikabidi anifunge kitambaa. Niliharibu na kufumua, niliharibu na kufumua, Mina akipiga kelele akidhani tunacheza. Ni kama kupanda ngazi usiyoijua ndani ya nyumba ngeni. Halafu Jumanne iliyopita kidole kikajua kabla sijahesabu. Unyayo wa ndege una kisigino, Ertie. Miaka yote nimelitazama pindo lile na sikujua kwamba una kisigino, kwa sababu hakionekani. Kinashikika tu.

Tangu jana nafuma kipande changu mwenyewe, mawimbi kumi na mawili. Nimekimaliza muda si mrefu. Nimekiweka mezani pamoja na kipande chake cha mfano, vyote vya uzi mweupe wa fundo moja, sikusema kipi ni kipi. Sasa hivi nikiandika amekaa na changu karibu na dirisha, anapitisha kidole. Najifanya nakuandikia kwa utulivu. Wimbi la tatu. La nne hakusimama. Kwenye la sita ndipo nilipokuwa nakosea wiki nzima. Amepita. Mina ameshika goti lake, hata kengele imenyamaza. La tisa. Akifika mwisho bila kusema neno, Ertie, basi pindo la nyumba hii lina mikono minne sasa, na mimi nita

ngoja, amemaliza, ameshika vyote viwili, kimoja kila mkono, uso ameugeuzia kwangu, ananiita, anasema, "Osla, acha kalamu uje hapa. Hiki ni changu au ni